Rangi ya kiondo: Kazi ya jikoni inayoamua bei sokoni

KIONDO kinapowekwa mbele ya mnunuzi, iwe ni katika soko la Wote, Kitui mjini au katika duka la kazi za mikono jijini Nairobi, jicho hutangulia mkono. Kabla ya kukagua jinsi kilivyofumwa, mnunuzi huwa ameshavutwa au ameshachukizwa na rangi. Hata hivyo, rangi hiyo hiyo iliyokiuza ndiyo inayoweza kukiharibia jina muda mfupi baadaye. Mvua hunyesha, wekundu ukatiririka juu ya gauni jeupe la mwenye kukibeba. Au jua la miezi michache huigeuza samawati kuwa kijivu. Mnunuzi wa namna hiyo harudi tena, na huwaonya wenzake.

Katika kaunti za Kitui na Makueni, kazi ya kuzitia rangi nyuzi za katani hufanywa nyumbani, aghalabu kando ya mafiga yale yale yanayopikiwa muthokoi. Wengi huiona kuwa pambo tu, hatua ndogo kati ya kukwangua mkonge na kufuma. Ukweli ni kwamba hii ni kemia kamili inayofanyika ndani ya sufuria. Mwenye kuzijua kanuni zake hupata faida tatu: rangi isiyochuja, mwili usiodhurika na maji yasiyochafuka. Asiyezijua huweza kupoteza yote matatu.

Kutoka mbuyu hadi mkonge

Kiondo, ambacho Wakamba hukiita kyondo na vikiwa vingi syondo, ni chombo cha kale. Kilibebea nafaka kutoka shambani, kikahifadhi mbegu na kikawa zawadi ya heshima baina ya koo. Kabla ya mkonge kuenea, nyuzi zilitolewa katika magome ya mbuyu na ya miti mingine ya nyikani. Zilisokotwa kwa kuviringishwa juu ya paja, mtindo ambao akina mama wengi wanaufuata hadi leo.

Mkonge wenyewe ni mgeni aliyegeuka mwenyeji. Asili yake ni Mexico. Mnamo mwaka wa 1893, mtaalamu wa kilimo kutoka Ujerumani, Richard Hindorf, aliuingiza katika eneo ambalo leo ni Tanzania bara. Kati ya miche 1,000 iliyosafirishwa kutoka Florida, Marekani, ni 62 tu iliyofika ikiwa hai. Kutokana na miche hiyo michache, zao hilo lilisambaa katika Afrika Mashariki na kuingia Kenya mwanzoni mwa karne ya 20. Kule Kibwezi, katika Kaunti ya Makueni, shamba kubwa la Dwa lilijipatia sifa kwa zao hilo. Kwa wakulima wadogo, mkonge ulipandwa kama ua wa boma na kizuizi cha mmomonyoko wa udongo. Kwa kuwa huvumilia ukame, huendelea kusimama hata mvua za Oktoba hadi Desemba, ambazo ndizo tegemeo kuu la Ukambani, zinapokosa kunyesha na mahindi kukauka.

Hapo ndipo ilipo thamani ya ususi kwa familia za huko. Shamba likigoma kutoa chakula, ua wa shamba hutoa karo ya shule. Lakini kazi yake si haba. Katika uzito wa jani bichi la mkonge, nyuzi ni takriban asilimia nne tu. Maana yake ni kwamba ili kupata kilo moja ya katani iliyo kavu, sharti yakwanguliwe majani yenye uzito wa kilo 25 hivi. Baada ya jasho lote hilo, kuziharibu nyuzi katika sufuria ya rangi ni hasara isiyo ndogo.

Kwa nini uzi hushika au hukataa rangi

Uzi wa katani umejengwa hasa kwa selulosi, maada ile ile inayounda pamba. Tofauti ni kwamba katani ina pia lignini, maada inayoupa mti ugumu, pamoja na nta kidogo na mabaki ya utomvu wa jani. Nta na utomvu ndivyo adui wa kwanza wa rangi. Mahali vilipoganda, maji hayapenyi. Na yasipopenya maji, rangi haipenyi. Ndiyo sababu nyuzi ambazo hazikuoshwa vizuri hutoka sufuriani zikiwa na mabaka.

Adui wa pili ni rangi iliyokaa juu ya uzi bila kuingia ndani. Mtu anapoipaka mbao rangi ya mafuta, tabaka hukauka juu ya mbao na kazi imekwisha. Uzi haupakwi, uzi hunyweshwa. Chembe ndogo mno za rangi, ziitwazo molekuli, hupaswa kusafiri kutoka kwenye maji hadi ndani ya uzi na kung'ang'ania humo. Zile zilizoachwa juu juu ndizo zinazotoka mvua inaponyesha au mkono wenye jasho unapougusa mpini.

Joto ndilo linalofungua njia. Maji yanapochemka, uzi huvimba na molekuli hutembea kwa kasi. Hii ndiyo sababu nyuzi zilizotumbukizwa katika maji vuguvugu kwa dakika chache hupendeza machoni lakini huchuja upesi, ilhali zile zilizochemshwa kwa muda wa saa moja hudumu.

Magome, mizizi na matope

Kabla ya rangi za madukani, rangi zilitoka porini. Magome ya migunga hutoa hudhurungi yenye wekundu. Katika nyika za Ukambani humea mti ambao Wakamba huuita kisanawa, wenye matunda madogo matamu ya rangi ya manjano. Wataalamu wa mimea huuita Berchemia discolor. Gome lake hutoa rangi nyekundu iliyoelekea kahawia, na wasusi wa vikapu wa kaskazini mwa Botswana, umbali wa maelfu ya kilomita, hulitumia kwa kazi hiyo hiyo. Huko Pwani, wasusi wa mikeka hutumia mizizi ya mdaa kuutia ukindu weusi wa zambarau, na jamaa za mdaa humea pia katika vichaka vikavu vya bara. Bizari ya manjano hutoa rangi ya jina lake, nazo mbegu za mzingefuri hutoa rangi ya machungwa.

Siri ya magome mengi ni tanini, maada ile ile inayoukausha ulimi mtu anapokunywa chai kali. Tanini hupenda kushikamana na selulosi. Tena, inapokutana na chuma huzaa weusi. Wasusi na wafumaji wa sehemu nyingi za Afrika waliigundua kanuni hii bila maabara yoyote: huchemsha nyuzi au kitambaa pamoja na magome au majani, kisha hukizika katika matope yenye chuma. Kitambaa mashuhuri cha Mali kiitwacho bogolan hutengenezwa kwa kanuni hiyo hiyo, ila matope hupakwa juu ya kitambaa. Aliye na misumari iliyoshika kutu anaweza kupata matokeo ya namna hiyo kwa kuiloweka katika maji yenye siki kidogo kwa siku kadhaa, kisha kuyatia maji hayo katika sufuria yenye nyuzi zilizokwisha kuchemshwa na magome. Chuma kikizidi, hata hivyo, hudhoofisha uzi na kuufanya ukatike.

Rangi za porini nazo zina mipaka. Kwanza, hazilingani: gome la mti mmoja halitoi rangi sawa na la mwingine, na muagizaji anayetaka vyondo 200 vinavyofanana hawezi kuridhika kwa urahisi. Pili, baadhi yazo, hasa manjano ya bizari, hufifia upesi juani. Tatu, mti ukibanduliwa gome kuuzunguka shina lote, hufa, kwa kuwa chakula kinachotengenezwa na majani hupitia humo kuelekea mizizini. Anayekata matawi machache au kubandua upande mmoja tu hubaki na mti wa kesho.

Rangi za viwandani

Mnamo mwaka wa 1856, kijana wa miaka 18 jijini London, William Henry Perkin, alikuwa akijaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria. Hakufaulu. Alichopata ni masalio yaliyotoa rangi ya zambarau, nayo ikawa rangi ya kwanza ya kiwandani kupata soko kubwa. Tangu hapo, rangi za unga zilienea duniani kote, na leo huuzwa katika vipakiti na mikebe hadi katika masoko ya mashinani.

Tatizo ni kwamba si unga wote ulio sawa. Kuna aina tatu ambazo hutumiwa kwa katani. Ya kwanza ni ile iliyotengenezwa kwa ajili ya pamba. Aina hii huhitaji chumvi ya kawaida. Katika maji, uzi na rangi hii huwa na chaji hasi zote mbili, kwa hiyo husukumana. Chumvi hupunguza msukumano huo na kuiruhusu rangi kuukaribia uzi. Ya pili ni rangi zenye chaji chanya, zinazong'aa mno na kushikwa na lignini kwa urahisi. Aina hii hutaka siki kidogo au maji ya limau ili isambae sawasawa. Sifa yake ni mng'ao. Kasoro yake ni kufifia juani. Ya tatu ni rangi zilizokusudiwa sufi na hariri, ambazo huhitaji maji yenye asidi na mara nyingi hazishiki sana kwenye katani.

Kwa hiyo mama anayeambiwa na jirani atie chumvi, na mwingine anayeambiwa atie siki, huenda wote wawili wameelekezwa vyema, kila mmoja kwa unga wake. Kosa huja wanapobadilishana vipakiti bila kubadilisha kanuni. Maadamu vipakiti vingi vidogo havitaji aina ya rangi iliyomo, njia ya salama ni majaribio: kuchemsha fungu dogo la nyuzi kwa chumvi, jingine kwa siki, kisha kulinganisha.

Hatua kwa hatua

Kanuni za watia rangi kwa aina ya kwanza, ile ya pamba, hazibadiliki sana duniani. Kwa kila kilo moja ya katani iliyo kavu huhitajika maji ya lita 20 hadi 30, rangi ya gramu 20 kwa rangi ya wastani au gramu 40 kwa iliyokolea, na chumvi ya gramu 100 hadi 200. Kutia unga mwingi zaidi hakuongezi ukolevu. Uzi ukishiba, ziada yote hubaki juu yake ikingoja kuchuja, na pesa zilizonunua ziada hiyo humwagwa pamoja na maji.

Kwanza, nyuzi huoshwa kwa maji ya moto na sabuni hadi utomvu uishe, zikasuuzwa. Huingizwa sufuriani zikiwa bado mbichi kwa maji, kwa maana uzi mkavu hunywa rangi kwa pupa upande mmoja na kuacha mwingine. Unga hukorogwa kando katika kikombe cha maji ya moto hadi usiwe na madonge, ukachujwa kwa kitambaa, kisha ukamiminwa katika sufuria. Nyuzi huingia maji yakiwa vuguvugu, na moto huongezwa polepole. Chumvi hutiwa kwa awamu, si yote kwa mara moja, ili rangi isikimbilie uzi na kuacha mabaka.

Maji yakishachemka, huachwa yatokote taratibu kwa dakika 45 hadi saa moja huku nyuzi zikigeuzwa kwa kijiti. Kisha moto huzimwa na nyuzi huachwa zipoe humo humo. Wenye haraka huzitoa zingali moto, na hapo hupoteza sehemu ya rangi ambayo ingeendelea kuingia. Mwishoni nyuzi husuuzwa mara kadhaa mpaka maji yatoke meupe, zikaanikwa kivulini penye upepo. Jua kali huanza kuififisha rangi kabla kiondo hakijafumwa.

Kwa kuwa kuni na maji ni adimu, mpangilio una maana. Anayeanza na manjano, akaja kwa machungwa, kisha nyekundu na mwishowe hudhurungi au nyeusi, anaweza kuyatumia tena maji ya sufuria moja kwa kuongeza unga tu. Anayeanza na nyeusi hulazimika kumwaga yote na kuanza upya.

Jaribio la mwisho halihitaji mashine. Kitambaa cheupe hulowanishwa, kikakamuliwa na kusuguliwa juu ya uzi mkavu mara kumi. Kikibaki cheupe, kazi ni njema. Kikipata doa, nyuzi hurudishwa kusuuzwa. Kwa jua, nyuzi chache hufunikwa nusu kwa kadibodi na kuachwa dirishani wiki mbili, kisha nusu mbili hulinganishwa. Maabara za viwanda hufanya majaribio yayo hayo kwa vipimo rasmi: kuhimili kusuguliwa hupewa daraja la 1 hadi 5, na kuhimili mwanga daraja la 1 hadi 8.

Hatari iliyomo jikoni

Unga wa rangi ni mwepesi na hupeperuka mtu anapofungua kipakiti. Ukivutwa puani kila wiki kwa miaka, baadhi ya aina huweza kuzusha pumu. Nyingine ni mbaya zaidi. Baadhi ya rangi za kundi liitwalo azo zilitengenezwa kutokana na kemikali ya benzidini, na mwili unaweza kuzivunja na kuirudisha kemikali hiyo. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeiorodhesha benzidini miongoni mwa vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani, hasa ya kibofu cha mkojo. Ugonjwa huo huchukua miaka mingi kujitokeza, hivyo si rahisi mtu kuuhusisha na sufuria ya zamani.

Tahadhari zake ni za bei nafuu. Sufuria ya rangi isipikiwe chakula tena, hata ikisuguliwa kwa mchanga ikang'aa, na kijiko chake kitengwe vilevile. Unga ufunguliwe mahali pasipo upepo, mdomo na pua vikiwa vimefunikwa, na mikono ivishwe glavu za mpira. Kazi ifanyike nje au penye hewa, watoto wakiwa mbali. Atakaye kuimarisha rangi za magome atumie shabu, ile chumvi ya mawe meupe ijulikanayo kwa vinyozi na kwa wanaosafisha maji, au chuma. Chumvi za kromiamu na mrututu zinazotajwa katika vitabu vya zamani vya ufundi ni sumu na hazifai kuwekwa katika nyumba yenye watoto.

Kisha kuna suala la maji machafu. Mito mingi ya Kitui na Makueni ni ya msimu. Sehemu kubwa ya mwaka huonekana kama njia za mchanga mtupu, lakini chini ya mchanga huo ndimo maji yalimo, na akina mama huchimba visima vya mkono kuyapata. Jamii nyingi zimejenga mabwawa ya mchanga ili kuyahifadhi zaidi. Kumwaga masalio ya rangi katika mchanga wa mto ni kuyamwaga ndani ya mtungi wa kijiji. Mahali pake ni shimo lililochimbwa kwenye udongo mzito, mbali na mto, kisima na bustani ya mboga. Hii ni sababu nyingine ya kutozidisha unga: rangi iliyoingia ndani ya uzi haimwagwi.

Soko lina macho

Katika miaka ya 1970 na 1980, vyondo viliuzwa kwa wingi Ulaya, Marekani na Japani. Baadaye viigizo vilivyofumwa viwandani barani Asia viliingia sokoni vikiwa na bei ya chini na rangi zinazolingana, na wasusi wengi wakapoteza wateja. Nafasi mpya ilijitokeza nchini Kenya mnamo Agosti 28, 2017, marufuku ya mifuko ya plastiki ilipoanza kutekelezwa, nao wanunuzi wakaanza kutafuta mifuko ya kudumu.

Anayelenga soko la ng'ambo hukumbana na sharti ambalo halionekani kwa macho. Muungano wa Ulaya ulipitisha mwaka wa 2002 sheria inayopiga marufuku rangi za azo zinazoweza kuzaa kemikali 22 zilizotajwa, benzidini ikiwemo, katika bidhaa za nguo na ngozi zinazogusa mwili kwa muda mrefu. Mikoba ya mkononi imetajwa humo. Kiwango kinachokubaliwa hakipiti miligramu 30 kwa kila kilo. Shehena ikikutwa imepita hapo haiwezi kuuzwa, hata kama ufumaji wake hauna doa.

Msusi mmoja mmoja hawezi kupeleka nyuzi zake maabara. Kikundi kinaweza. Wanawake 20 wanaonunua rangi pamoja wanaweza kununua mkebe mkubwa wenye jina la mtengenezaji na aina ya rangi, badala ya vipakiti 20 visivyo na maelezo. Wanaweza kumdai muuzaji cheti kinachoonyesha kwamba rangi hiyo haina kemikali zilizokatazwa. Wanaweza kununua mizani moja, na kuweka daftari moja linaloandikwa uzito wa nyuzi, uzito wa rangi, kiasi cha chumvi na muda wa kuchemsha, kipande cha uzi kikibandikwa kando ya kila mstari. Mteja akirudi mwaka ujao akitaka nyekundu ile ile, jibu litakuwa kwenye daftari.

Malalamiko kwamba kiondo hulipwa kidogo kuliko jasho lake ni ya haki. Mara nyingi msusi wa kijijini huuza kiondo kitupu, kisha bei huongezeka kinapotiwa mikanda ya ngozi na kitambaa cha ndani mjini. Lakini ngozi nzuri haifichi rangi inayochuja, na mchuuzi hulijua hilo. Ndilo analolitumia kuishusha bei kijijini. Rangi iliyoshika humwondolea mchuuzi hoja hiyo, na msusi hubaki na neno moja la ziada wakati wa kupatana bei.